Baba, usibonyeze tena "nikumbushe baadaye"

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi huku ni mzima, wasiwasi ni juu yenu tu. Neema ameniandikia kwamba kompyuta ikikudai masasisho, yaani marekebisho ya programu zake, unabonyeza "nikumbushe baadaye", na sasa imefika miezi mitano. Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka.

Najua utasema hufungui barua pepe za watu usiowajua. Kwa virusi vingi hiyo ni kinga nzuri. Lakini mnyoo, Baba, yaani programu hasidi inayojisambaza yenyewe, hausubiri ubonyeze kitu. Unazunguka mtandaoni wenyewe, ukikuta kompyuta yenye tundu lisilozibwa, yaani kasoro kwenye programu, umeshaingia, na kutoka hapo unawinda nyingine.

Mwenzio yalinikuta Agosti 2003, nikiwa bado mgeni huku. Nilichomeka waya wa intaneti, nikaenda kunawa uso. Narudi, nakuta kidirisha kinahesabu sekunde 60 kurudi nyuma, kisha kompyuta ikajizima na kujiwasha upya. Ikaanza kuhesabu tena. Ulikuwa mnyoo uitwao Blaster. Jirani alinielekeza niwashe kwanza ukuta wa moto, yaani kinga inayozuia wavamizi wa mtandaoni, ndipo nipakue kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu. Na kiraka chenyewe, kumbe Microsoft walikitoa tangu tarehe 16 Julai! Mimi ndiye niliyekuwa nasema baadaye.

Mwaka 2017 ikawa vilevile kwa WannaCry: kiraka kilitoka Machi, mnyoo ukaja tarehe 12 Mei, ukafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu ya wagonjwa. Kiraka kikishatoka, wahalifu nao hukichambua wajue tundu lilikuwa wapi, kwa hiyo kila wiki unayoahirisha unawapa wao nafasi.

Nisamehe nikiongea kama mwalimu. Leo jioni nakili kwanza picha zetu kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Halafu chomeka chaja, ingia kwenye mipangilio, fungua Windows Update na uiache ifanye kazi. Ikikwama asilimia 30 kwa muda mrefu, usiizime. Ikishajiwasha upya, tafuta masasisho tena. Kwa miezi mitano haitamaliza kwa mkupuo mmoja.

Neema aniangalizie toleo la Windows. Kama ni Windows 10, masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na hilo tutaliongea kwa simu Jumapili.

Msalimie Mama.

Mwanao