Dada, sikujitoa

Dada, shikamoo.

Naandika hapa kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe wa Pasaka uliusoma ukanyamaza. Wapita njia nao watasoma. Wasome tu, wapo wanaokimbia kama sisi, huenda wakaokota kitu.

Nianze na yale uliyoyaona mapema kuliko mimi. Wiki tatu kabla ya Kilimanjaro Marathon ya 2022 ulinikuta natoka Msitu wa Rau nahema, ukaniuliza leo yalikuwa mazoezi gani. Nikasema mepesi. Ukasema, "Mepesi, mbona huwezi kuongea?" Nilikununia siku nzima. Leo nakiri sikuwa na siku nyepesi hata moja. Jumanne nguvu, Alhamisi nguvu, na zile kilomita 12 za Jumamosi nilizoziita ndefu zilikuwa mashindano na wewe, ambaye muda huo ulikuwa umelala kwako. Milima niliikwepa. Mtu nakaa Moshi, mlima uko mlangoni, halafu nashuka kwenda kukimbia tambarare ya mashamba ya mpunga ya Mabogini, ili saa ya mkononi inisifu.

Lakini na wewe kumbuka tulilelewa na nani. Baba alitusimulia habari za Filbert Bayi hata kabla hatujajua kusoma saa. Christchurch, New Zealand, Februari 1974, mita 1,500: Bayi anatoka mbele tangu mlio wa bastola, anabaki mbele, John Walker anamfukuza mpaka mwisho hampati, na rekodi ya dunia inakuwa 3:32.2. Baba hakuwahi kuisimulia amekaa. Wewe uliendelea kumenya ndizi, mimi nikameza kila neno. Kukimbia, kwangu, kukawa ni kutangulia. Hakuna aliyeniambia kwamba Bayi alitakiwa kuvumilia dakika tatu na nusu, na mimi mbele yangu kuna kilomita 21 za nusu marathoni na mlima wa Mweka. Uliniambia wewe, kweli. Ila uliniambia kwa ile sauti yako.

Basi siku yenyewe kilomita ya kwanza nikaenda kwa 5:20, watu wanashangilia kandokando ya barabara, moyo umejaa. Misuli ina akiba yake ya sukari. Ukiichoma ovyo mwanzoni, mlima unakukuta mtupu. Kilomita ya nane nilikuwa nimekaa ukingoni mwa mtaro, mikono magotini. Ukapita kwa mwendo wako uleule wa siku zote. Ulinitazama, nami nikakutazama, ukaenda. Hilo nilikusamehe palepale. Kwenye mbio kila mtu na pumzi zake.

Kilichonikaa ni cha baadaye.

Niliinuka, dada. Nilitembea mpaka juu, nikashuka nikikimbia vipande vipande, mapaja yanawaka, kwa sababu hata mazoezi ya kushuka sikuwahi kuyafanya. Niliingia Uwanja wa Ushirika kwa saa mbili na dakika 58. Baba hakuwepo pale tulipomwacha. Jua lilikuwa kali na presha yake ulikuwa unaijua wewe kuliko sisi wote, ukamrudisha nyumbani. Sawa. Nikapanda bodaboda. Nikamkuta anakula mtori, wewe umekaa pembeni yake, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Akaniangalia kwa ile huruma yake akasema, "Pole mwanangu. Dada yako ameniambia umeishia njiani. Mwakani utamaliza."

Medali ilikuwa shingoni, ndani ya jaketi. Uliiona kamba yake. Najua uliiona, kwa sababu uliinamisha macho kwenye beseni. Nikasubiri useme neno. Baba akaomba maji ya kunywa, ukanyanyuka na miguu yenye maji ukamletea, ukarudi ukakaa, na hukusema. Nikajibu, "Asante, baba."

Mei tulimzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, naye anajua binti yake mmoja hakumaliza.

Utaniuliza mbona mimi mwenyewe sikuitoa ile medali. Sikutaka uonekane mwongo mbele yake, na yeye anaumwa, na wewe ndiye uliyekuwa unampa dawa. Hivyo ndivyo ninavyowaambia watu, na ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba niliionea haya saa mbili na dakika 58. Nilitaka medali ya kumpa baba iwe ya mtu aliyetangulia. Kwa hiyo na mimi nilinyamaza, nakubali. Lakini wa kwanza kunyamaza ni wewe, na wewe ndiye uliyekuwa mkubwa.

Mwaka 2023 sikushindana kabisa. Baada ya msiba nilikimbia kwa hasira miezi mitano, mpaka ugoko wa kulia ukawa unauma hata nikishuka ngazi. Mtaalamu wa viungo aliubonyeza kwa kidole nikapiga kelele. Akaniambia mfupa unajijenga taratibu kuliko mapafu. Pumzi zinaweza kukuruhusu kwenda mahali mguu haujafika. Nilianza upya, kutembea dakika nne na kukimbia moja, nikipitwa na wanafunzi wenye mabegi. Jioni nanyanyua visigino kwenye ngazi ya jikoni, kumi na tano mara tatu, kama ulivyokuwa unafanya ukisubiri chai ichemke. Nilikuwa nakuona unajisumbua.

Sasa siku nne kati ya tano nakwenda kwa mwendo wa kuongea, karibu dakika nane kwa kilomita. Ulikuwa mwendo mgumu kuliko yote niliyojifunza, maana hauna wa kukusifu. Siku moja tu ndiyo ya nguvu, kwenye kilima cha barabara ya Kibosho: dakika moja kupanda, kurudi natembea, mara nane. Jumamosi nimefika kilomita 18. Mwaka 2024 nilimaliza kwa 2:34, mwaka 2025 kwa 2:21. Kushuka bado nakanyaga kama ninayefunga breki. Na bado akinipita mwanamke aliyesuka kama wewe, miguu inaondoka yenyewe kabla sijaamua. Hilo sijalipatia dawa.

Septemba, usiku ule Alphonce Simbu wetu alipokimbia marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, ulikuwa macho? Mimi nilikuwa macho. Inakaribia saa kumi usiku kwetu, wanaingia uwanjani, na yule Mjerumani, Amanal Petros, yuko mbele, nikasema imekwisha. Kumbe Simbu alikuwa bado na hatua zake. Wote 2:09:48, picha ya mstari wa kumalizia ndiyo iliyoamua, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Kilomita 42 alijificha kwenye kundi. Nikamkumbuka baba, nikawaza angeisimulia vipi hii, angesimama sehemu ipi. Nilishika simu nikupigie. Jina lako lilikuwa kwenye kioo mpaka mwanga ukazima.

Mkufu wa mama bado uko kwangu, usiwaulize tena shangazi. Na ile medali ya 2022 nimeiweka kwenye sanduku la baba, chini ya koti la kahawia.

Desemba ukipanda nyumbani uje na viatu vyako. Jumamosi natoka saa kumi na mbili kasoro robo, napita mbele ya geti lenu. Sitagonga. Lakini kilomita mbili za kwanza nakwenda polepole sana.