Salum, kadi peke yake haitakuokoa

Ndugu yangu Salum,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana ile orodha yako ya vipuri vya kuifufua kompyuta yako ili icheze gemu za sasa imenitia wasiwasi. Kadi ya michoro RX 6500 XT, vijiti viwili vya RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya zamani ya DDR3, halafu prosesa i7-4790 ya shemeji yako. Unauliza kianze kipi. Usinikasirikie: mimi naona kisianze hata kimoja.

Nakujua, ukiambiwa hapana bila sababu utanunua kesho yake asubuhi, kwa hiyo nivumilie nikueleze.

Mashine yako naikumbuka vizuri. Prosesa i5-4590 ya mwaka 2014, viini vinne vya kufanyia hesabu na nyuzi nne, yaani kazi nne kwa wakati mmoja. Ubao mama wa H81, ambao hata wakati ule ulikuwa wa ngazi ya chini. Kijiti kimoja cha RAM cha GB 8, kadi ya GTX 1050 Ti ya GB 4, na diski ya kuzunguka. Kwa kuandika, kutazama video na gemu za zamani haina neno. Unachokitaka wewe ni gemu za sasa, na hapo ndipo lazima tujue kwanza inakwama wapi, kabla hujatoa hata senti.

Fungua gemu unayoicheza zaidi, washa programu ya MSI Afterburner ikuwekee namba za matumizi ya kadi na prosesa pembeni ya skrini, kisha cheza mechi ya kweli, si kuzungukazunguka kwenye uwanja mtupu. Tazama matumizi ya kadi. Yakikaa asilimia 97 hadi 99 muda wote, kadi ndiyo iliyoelemewa. Yakishuka mpaka 60 huku fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) zikiwa chache, basi kadi imekaa inasubiri kazi, na anayeichelewesha mara nyingi ni prosesa. Wala usidanganyike na asilimia ya jumla ya prosesa. Viini vinne vinaweza kuonyesha 70 kwa pamoja kumbe kimoja kimefika 100, na kazi kilichobeba haigawanyiki. Kama hutaki programu yoyote, shusha resolusheni (wingi wa nukta za picha) kutoka 1080p hadi 720p. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa inabana. Zikibaki palepale, hata ukiweka kadi ya bei kali namna gani hutaona tofauti.

Nakisia utakachokikuta. Unasema mambo yaliharibika gemu ya Counter-Strike 2 (CS2) ilipochukua nafasi ya CS:GO, toleo lake la zamani, mwezi Septemba 2023, na kwamba inaganda hasa pale wachezaji wote wanapokutana sehemu moja. Ili upate fremu 60 kwa sekunde, kila fremu lazima iwe tayari ndani ya milisekunde 16.7, na kabla kadi haijachora chochote prosesa inapaswa iwe imeshakokotoa nani yuko wapi, risasi imepiga nini, sauti inatoka upande gani. Watu kumi wakirundikana mahali pamoja, i5 yako haimalizi kwa wakati. Kadi mpya hapo itakaa ikisubiri kama hii ya sasa, tofauti ni kwamba utakuwa umeilipia.

Cyberpunk 2077 ni habari nyingine. Watengenezaji wake walipandisha mahitaji yake mwaka 2023, na kiwango cha chini kabisa kikawa i7-6700, GTX 1060 ya GB 6, RAM GB 12 na SSD (diski isiyozunguka). Wewe umepungukiwa kwenye kila mstari. Na ile Indiana Jones and the Great Circle uliyoitaja ndiyo usiiwazie kabisa kwa sasa: inadai kadi yenye uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga kwenye chipu yenyewe, uwezo ambao 1050 Ti haina, hata ukishusha mipangilio yote hadi chini.

Sasa hiyo RX 6500 XT. Naelewa kwa nini imekuvutia, ni ndogo, haili umeme mwingi, na maduka huiuza kama dawa ya mashine za zamani. Kwa mashine yako hasa, naiona ni chaguo baya kuliko yote. Kadi hii huzungumza na ubao kwa njia nne tu za PCIe, yaani barabara za data kati ya kadi na ubao, kwa matumaini kwamba ubao wenyewe ni wa PCIe 4.0. H81 yako inaishia PCIe 2.0. Kila kizazi huongeza kasi maradufu, kwa hiyo kadi iliyotegemea karibu GB 8 kwa sekunde itaambulia kama GB 2. Ingekuwa na kumbukumbu kubwa ndani yake usingejali sana, lakini ina GB 4, sawa na uliyonayo. Zikijaa inabidi ivute vitu kutoka kwenye RAM kupitia njia hizo nne, na kuganda kunarudi kwa kishindo. Halafu wewe ni mtu wa kurekodi mechi zako. Kadi hiyo haina kisimbaji, ile sehemu ya kubana video unaporekodi, kwa hiyo mzigo huo utamwangukia prosesa ambaye tayari anahema.

Kama siku ya kununua kadi itafika, na itafika, tafuta RX 6600 yenye GB 8 au RTX 3060 ya GB 12. Ya kwanza ina njia nane, ya pili kumi na sita. Zote mbili zitaweza kuanzia kwenye ubao wa zamani bila kuteseka sana, kisha zikahamia kwenye mpya.

Na hapo kwenye kuhama ndipo penye hoja yangu yote. Kila kitu kwenye orodha yako kiulize swali moja: siku nikibadilisha ubao, utakuja na mimi? Kadi nzuri itakuja. SSD itakuja. Pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya maana itakuja, na kasha na monita pia. Ila DDR3 haikanyagi kwenye ubao wowote wa sasa, na i7-4790 inakaa kwenye soketi (kikalio cha prosesa) ya LGA1150 ambayo mbele yake hakuna kitu. Sikatai kwamba ile i7 itasaidia. Ni viini vinne vilevile lakini nyuzi nane, na kuganda kwa CS2 kutapungua. Haihitaji hata feni mpya, kwa kuwa joto lake limekadiriwa wati 84 kama la i5 yako. Tatizo ni kwamba watu wengi wenye ubao kama wako wanaitafuta hiyohiyo, na ndiyo maana wenye nazo hawataki kushusha bei. Shemeji akikupa bure, pokea kwa mikono miwili. Akitaka pesa, mshukuru, mwambie unajipanga.

RAM nayo hivyohivyo. Kijiti kimoja kinaibana prosesa kwa sababu inasoma kwa mkondo mmoja badala ya miwili, na GB 8 hujaa haraka ukifungua gemu, kivinjari na Discord kwa pamoja. Mtu akiwa na kijiti cha DDR3 kilichosahaulika kwenye droo, chomeka. Dukani usiende.

Kitu kimoja nakuruhusu ununue hata mwezi huu, SSD ya SATA, aina inayochomekwa kama diski yako ya sasa. Diski ya kuzunguka husoma MB 100 na ushee kwa sekunde ikiwa kwenye hali yake nzuri, na ikitumwa kuokota vipande vidogo vidogo huku na kule inaanguka chini mno. SSD ya SATA hufika karibu MB 550 na vipande vidogo haviisumbui. Fremu haitakuongezea, nisikudanganye, lakini kule kukwama kwa nusu sekunde unapoingia eneo jipya kutapungua sana, na kuwasha kompyuta hakutakuwa tena jambo la kwenda kupika chai ukisubiri. Ichomeke kwenye mlango wa 6 Gb/s, kwa sababu H81 ina milango miwili ya kasi hiyo na mingine ni ya 3 Gb/s, na kwa macho mara nyingi imefanana isipokuwa rangi. Soma maandishi yaliyo kwenye ubao. Ukishafungua kasha, toa vumbi na ubadilishe pesti ya joto juu ya prosesa. Ya zamani itakuwa imekauka kama udongo.

Pawa saplai hukuigusia kabisa, na mimi ndiyo inayoninyima usingizi. Ile iliyokuja na kasha lako sina imani nayo. Usisome namba kubwa iliyochapishwa ubavuni, soma lebo, tafuta mstari wa 12V, zidisha volti kwa ampea. Hizo ndizo wati ambazo kadi na prosesa vitagawana. Nimeona zilizoandikwa 500 kwa nje na hesabu ya 12V haifiki hata 250. GTX 1050 Ti ilikuwa ikikusamehe kwa sababu hula wati 75, zote kutoka kwenye ubao, bila waya wa ziada. RX 6600 ni wati 132, RTX 3060 ni 170, na zote zinadai waya wake. Pawa saplai mbovu ikifa inaweza kufa na wenzake. Wengi wanaona uchungu kuilipia kwa sababu haionekani kwenye gemu. Mimi ningeinunua kabla ya kadi.

Tukija kwenye ubao wenyewe, mimi ningekupeleka AM4, soketi ya prosesa za Ryzen za AMD. Najua utasema nina upendeleo, na ni kweli ninao. Nilianza na Ryzen 5 1600 mwaka 2017 kwenye ubao wa B350, na ubao uleule, baada ya kusasisha BIOS (programu ya kuwashia ubao), leo umebeba Ryzen 5 5600. Soketi hiyo ndiyo iliyokuja kupata prosesa ya 5800X3D mwaka 2022, yenye kache ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96, ambayo bado inaheshimika kwenye gemu. Imezeeka, sawa, lakini kwa kuwa imezeeka, bao zake na RAM zake za DDR4 zinapatikana kwa watu wanaohama. AM5, mrithi wake, ndiyo yenye maisha mbele yake, AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na kuzidi. Ila inakubali RAM ya DDR5 tu, na bei ya RAM imepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025, vituo vya data vya akili bandia vinapozikomba chipu. Ungekuwa na mfuko mnene ningesema AM5 bila kufikiri. Kwa bajeti uliyoniandikia, chukua Ryzen 5 5600, ubao wa B450 au B550 na GB 16 za DDR4 katika vijiti viwili. Jumlisha bei ya vile vitu vitatu vya orodha yako, kisha ulinganishe na seti hiyo ikiwa imetumika. Sina haja ya kukuambia utakachokiona.

Kuna la Windows pia. Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na i5 yako haimo kwenye orodha ya Windows 11, inayoanzia prosesa za Intel Core za kizazi cha nane. Zipo mbinu za kuilazimisha, lakini gemu ya Valorant kwenye Windows 11 hudai TPM 2.0 na Secure Boot, kinga za usalama za kompyuta yenyewe, na mbinu hizo hazitakusaidia. Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ni njia nzuri kuliko watu wanavyodhani, CS2 yenyewe ina toleo lake la huko, Valorant haina. Draiva (programu za kuendesha kadi) za kadi yako nazo zimefika mwisho: NVIDIA iliacha kuitengenezea familia hiyo draiva za gemu mpya Oktoba 2025, imebaki marekebisho ya usalama tu hadi 2028. Si kwamba kesho itazimika. Itazidi kuachwa tu, gemu moja baada ya nyingine.

Laptopu ya gemu usiifikirie, kadi yake huibadilishi. Konsoli ingekufaa kama usingekuwa na gemu zako zote Steam.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka SSD, safisha, kisha cheza mechi mbili tatu za CS2 ukiwa na zile namba kwenye skrini, uniandikie matumizi ya kadi yalikuwa asilimia ngapi wakati wa kukwama. Na unipigie picha ya lebo ya pawa saplai, lakini isimame wima, ile ya mara ya mwisho niligeuza shingo mpaka ikauma. Nikiona ule mstari wa 12V nitakuambia kama tuanze na pawa saplai au turuke moja kwa moja kwenye ubao.

Nisalimie shemeji, na umwambie i7 aitunze kidogo.

Rafiki yako,
Hamisi