Shukrani kwa bibi muoshaji wa Wete

Bibi, ulikataa tukutaje jina, basi shukrani zikufikie hivi hivi. Kuosha maiti hakusomeki kitabuni kukatosha. Maiti huinuliwa kidogo, tumbo likakamuliwa taratibu kwa mkono wa kushoto uliozongwa kitambaa. Ukiharakisha, uchafu hubaki ukaja kutoka sanda ishafungwa. Tumbo likikamuliwa, hewa ya kifuani hutoka kama mtu aliyeguna, na mgeni wa kazi hii hukimbia. Wewe ulitushika bega tu. Kuosha, upande wa kulia kwanza, kisha kushoto. Maji ya majani ya mkunazi, mara tatu au tano, kafuri ya kunukia mwisho. Nywele misuko mitatu, nyuma. Sanda ya mwanamke vipande vitano. Na aibu uliyoiona, izike naye (hili gumu kuliko yote!). Allah akulipe, bibi yetu.