Dada, Idrisa sio bubu

Dada Mwanaidi shikamoo. Hela ya bati nimetuma, imeingia kwa Shemeji maana namba yako inaleta jina la mtu mwingine, sijui ulisajili kwa kitambulisho cha nani. Iende kwa fundi moja kwa moja isipitie kwa Kaka Salehe, mwenyewe unajua.

Sasa nina langu. Ile voice yako kwenye grupu la familia nimeisikia, nimeirudia, na nimenyamaza muda wote huu kwa sababu Mama yumo mle na wewe ni mkubwa wangu. Ila imeniuma. Eti mwanangu Idrisa bubu, eti kapigwa jicho asomewe, kisa kajificha nyuma ya kochi? Mmejazana wote mbele ya simu mnapiga kelele "Idrisa amkia! Idrisa amkia!", hata ningekuwa mimi ningejificha. Na Fadhila naye anaweka vikatuni vya kucheka.

Idrisa anaongea mpaka namuomba anyamaze. Natoka kazini asubuhi nataka kulala, yeye ananihadithia sayari, ipi ina pete, ipi kubwa. Herufi zote anazijua, kubwa na ndogo, anahesabu mpaka mia na shule hajaanza. Mtoto wa Fadhila anaweza? Sisemi kwa ubaya.

Shida yake ni watoto wenzake, hilo sikufichi. Tukimpeleka maktaba kwenye kona ya watoto anakaa pembeni na gari lake jekundu, mwenzie akisogea analikumbatia, akiguswa analia, zamu haijui, akishindwa mchezo anamwaga kila kitu chini. Na angejulia wapi? Mimi kazi usiku, baba yake mchana, anashinda na mzazi mmoja mwenye usingizi, na miezi ya theluji nje hakutokeki, Desemba saa kumi na moja jioni giza. Sisi pale Ngamiani, Tanga, nani alikaa chini kutufundisha zamu? Ukiharibu kombolela wenzio wanakutoa mchezoni, unalia, kesho unarudi una adabu.

Huku Minnesota, Marekani, mtoto anayeingia chekechea ya serikali anatakiwa apimwe, ni sheria, na ni bure, wanawapokea tangu miaka 3. Kuanza lazima awe ametimiza 5 kufikia tarehe 1 Septemba, yeye anatimiza mwezi wa sita. Wanaangalia macho, masikio, urefu, uzito, chanjo, kuongea, na hiyo ya kukaa na watu. Nilipompeleka wakaniuliza nataka mkalimani, nikawaambia asanteni, mimi ndo natafsiria wenzangu kazini. Nikapewa makaratasi ya maswali, moja linauliza ukiongea naye anakuangalia machoni? Nikamwambia yule mama mpimaji, kwetu mtoto akimkodolea mkubwa macho ndo kakosa adabu, sasa nijibu nini? Akacheka akasema andika hivyohivyo pembeni. Nikaandika, tena kwa herufi kubwa.

Majibu: masikio mazima, macho mazima, kuongea kawapita wa umri wake. Kwenye kucheza na wenzake ndo wakasema afuatiliwe, na kabla ya mwezi wa tisa apate darasa la awali hata siku chache kwa wiki. Kiswahili wakasema tusiache, lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, hiyo mfikishie Shemeji aliyesema tumemchanganya kichwa.

Tukaomba lile darasa la bure la Head Start, wakaangalia mishahara yetu wakasema tumezidi kipato. Ndo ujue mdogo wako sio wa kuhurumiwa! Kwa hiyo tunalipa wenyewe, bei tusiizungumze, ila msingi wa choo usubiri kwanza.

La Mama sasa, kwamba nimlete Idrisa Tanga akae mwaka. Unadhani sijawaza? Wiki moja tu pale uani angeshagombana na wote na kupatana na wote, anakimbia peku na kachori mkononi. Kuna usiku kazini wazee wakishalala naliwaza hilo mpaka machozi yananitoka mwenyewe. Lakini chekechea itampita, na makaratasi yangu ya kuishi huku unayajua yalipo, nikimtoa siwezi kumfuata. Simtoi dada. Mama usimwambie kwa ukali, mwambie nimesema tutaangalia.

Ameshaanza hilo darasa. Wiki ya kwanza alilia, mimi nikalia kwenye gari. Juzi mwalimu kaniambia alimpa mtoto mmoja wa Kisomali lile gari jekundu alichezee, akalidai baada ya dakika mbili, lakini alimpa kwa hiari yake.

Nnachoomba kwako, Jumapili upige wewe na Zuhura tu. Asilazimishwe kumuamkia mtu, mwacheni aoneshane na Zuhura midoli yao, salamu zitakuja. Na kwenye grupu useme kwa mdomo wako kwamba mtoto kapimwa na masikio yake mazima. Uliyemchafua ni wewe, sio mimi wa kumsafisha.

Mdogo wako,
Mama Idrisa