Hata waliowafukuza wana simu

Mbagala, Dar es Salaam
Juni 20

Shoga yangu wa Kasulu,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, ila mama mkwe miguu bado inamsumbua. Picha zako za wakimbizi wa kambini nimezipata, pamoja na maneno yako, "Wasambazie watu wa Dar waone." Sijazisambaza. Usinune kwanza, nisome hadi mwisho.

Leo ni Siku ya Wakimbizi Duniani, na tangu asubuhi kila nikifungua simu nakutana na mahema. Sisemi ni vibaya. Wewe na mimi watoto wa Kigoma hatukuhitaji simu kumjua mkimbizi. Mwaka 1996, mwaka ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu, tuliwaona Wakongo kwa macho yetu wakishuka mitumbwini na magodoro vichwani. Hapa Dar sivyo. Jirani yangu mwenye genge alidhani mkimbizi ni mtu aliyekimbia njaa tu. Siku moja nikamwonyesha video ya mama wa Kirundi akieleza, kwa Kiswahili chake cha taratibu, alivyotembea usiku kucha akiwa na mimba. Akaacha kumenya vitunguu. "Kumbe hawa walikuwa na nyumba zao?" Miaka yote ya taarifa ya habari haikuwahi kumfanya aulize hivyo.

Lakini unakumbuka 2015? Mwezi Mei Warundi makumi ya maelfu waliokimbia kwao walikwama pale Kagunga, kijiji cha ziwani mpakani na Burundi, kipindupindu kikawaingilia, meli ya MV Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwachukua. Dunia ilisikia kwa mbali. Septemba ikatoka picha ya mtoto wa Kisyria, Alan Kurdi, kifudifudi ufukweni Uturuki, viatu bado miguuni. Simu zote zikajaa. Michango kwa Msalaba Mwekundu wa Sweden ikapanda ajabu, na haikupita miezi miwili ikawa imeshuka tena. Baba yake, aliyepoteza mke na watoto wawili, ndiye aliyebaki na picha ile.

Sasa la kwangu. Mwezi uliopita nilisambaza picha kwenye grupu la kikoba chetu: familia ya wakimbizi kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, nyuso wazi, chini limeandikwa jina la kijiji walichotoka. Nilijiona nimefanya la maana. Jioni akaja mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Bukavu, huko huko Kivu, aliyeolewa hapa. Hakunigombeza. Alichukua simu yangu, akaivuta picha kwa vidole viwili hadi ukabaki uso wa binti mkubwa peke yake, akasema, "Dada, hata waliowafukuza wana simu."

Nilifuta pale pale, lakini wengine walikuwa wameshaipeleka kwingine. Tangu hapo silali vizuri. Mtu anayeomba hifadhi bado hajajibiwa. Anaweza kurudishwa kule kule, na huku uso wake umeshaonekana akisimulia nani alimchomea nyumba. Hata aliyekwisha kupokelewa ana mama au kaka aliyebaki nyuma.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayeingia kambini kila wiki. Rudi kwa yule mama wa picha ya tatu, aliyeshika kadi ya mgao. Namba ya kadi inasomeka, shoga! Mwambie bila kuficha kwamba picha inaweza kufika hadi kwa watu aliowakimbia. Akiridhia, ni uamuzi wake. Akikataa, mwombe sauti tu, bila jina wala kijiji, aseme mwenyewe anachotaka tukijue. Au piga picha ya mikono yake tu akishona; uliniambia ana cherehani ya kukanyaga na kwamba hakuna anayemshinda kwa kukunja pindo.

Hiyo nitaisambaza usiku huo huo itakapofika, na mwenye genge nitampelekea simu mkononi. Nasubiri jibu lako. Shemeji msalimie sana, na dagaa wakipatikana usinisahau.

Ni mimi shoga yako,
wa Mbagala