Somo, salio langu linaliwa na sipati wa kumuuliza

Somo yangu,

Salamu nyingi sana. Watoto hawajambo? Mama mguu unaendeleaje? Sisi huku wazima, Fundi anakusalimu na bado anaulizia ile ahadi yako, mimi sijui mliahidiana nini. Haya salamu zitoshe, maana nina jambo na nisipolisema leo sitalala.

Najua umeninunia. Mama mdogo kaniambia, eti siku hizi najisikia, unatuma meseji sijibu, unabipu sirudishi. Mwenzangu, meseji zako zote nimezisoma, na ile ya usiku kuhusu shemeji niliisoma mpaka nikaamka nikakaa, ila cha kukujibia nilikuwa sina. Salio langu linaliwa. Yaani silitumii, linaliwa tu. Naweka vocha jioni nikijua asubuhi nitakupigia, asubuhi naangalia nakuta limeshakatwa na kilichobaki hakinunui bando lolote, naweka tena, linakatwa tena. Hata hii naiandika kwa wifi ya kazini wenzangu wakiwa wametoka, ndiyo maana itakuwa ndefu, nimepata nafasi acha niseme yote.

Ilianza na namba fupi, zile za tarakimu chache, inaniletea matokeo ya mpira na dondoo za mapenzi. Mimi na mpira wapi na wapi, unanijua. Nikawa nafuta tu, nadhani ni matangazo. Kumbe kila meseji inayoingia nailipia mimi, na bei haikuandikwa, imeandikwa "Asante kwa kuendelea kufurahia huduma yetu" basi. Na wanakata kidogo kidogo, ndiyo ubaya wenyewe, mtu hashtuki kwa kidogo, unasema labda jana niliongea sana, labda simu imejisasisha yenyewe usiku ikala bando, mpaka siku unakaa unajumlisha unaona hela ya maana imekwenda.

Nikapiga huduma kwa wateja. Sasa kumpata mtu! Bonyeza 1 kwa lugha, bonyeza 2 kwa vifurushi, bonyeza 3 sijui kwa kitu gani, ukikaribia unapopataka inakurudisha mwanzo, na muda wote unaosubiri ile sauti inakutangazia vifurushi vipya, mimi nimeshika simu nataka kulalamika kuwa nimekatwa hela na wao wananiuzia. Hatimaye akapokea kijana, mpole, ana adabu, sina neno naye. Akataka jina kamili kama lilivyosajiliwa, namba ya kitambulisho, namba za mwisho nilizopiga, vocha ya mwisho ilikuwa ya kiasi gani, nikajibu yote, ndipo akasema, "Mteja, hapa inaonyesha umejiunga mwenyewe na huduma hiyo."

Nikamwambia sijajiunga.

"Inaonyesha umejiunga."

Nikamuuliza inaonyesha wapi, tarehe gani, saa ngapi, kwa njia gani, nilipiga menyu au nilituma meseji au nilifanya nini. Akanyamaza, namsikia anachapachapa, akarudi, "Mteja, kwa upande wangu ninachoona ni kwamba umejiunga." Simu ikakatika.

Nikapiga tena, akapokea mwingine, tukaanza upya kuanzia jina. Huyu akafungua tiketi, nisubiri masaa 72. Yakapita. Ikaja meseji kwamba tatizo langu limetatuliwa na nitoe alama kuanzia 0 hadi 10 ni kwa kiasi gani ningependekeza mtandao wao kwa rafiki. Asubuhi hiyo hiyo salio limekatwa. Nikajaribu ile chati ya kwenye programu yao, anayejibu ni roboti, ukiandika "nimekatwa hela" anakuletea orodha ya vifurushi, ukiandika "nataka kuongea na mtu" anakuambia samahani sijaelewa. Nikaenda ofisini kwao kabisa, nikakaa kwenye foleni mpaka zamu yangu, yule dada wa dirishani akaniambia wao pale wanashughulika na laini zilizopotea na usajili, masuala ya makato nipige simu. Nipige simu! Nimetoka kwenye simu!

Menyu yenyewe ya kujitoa nimeihangaikia sana. Ukurasa mmoja wa zile menyu za nyota na reli hauwezi kubeba zaidi ya herufi 182, kwa hiyo wanagawanya, na pa kujitoa pako ukurasa wa mwisho kabisa, unabonyeza endelea, endelea, endelea, na ukichelewa kusoma kidogo tu inajifunga unaanza upya. Nikatuma neno ONDOA kwenye ile namba fupi kama walivyonielekeza, ikajibu "neno ulilotuma si sahihi".

Baadaye alipatikana dada mmoja, Mungu ambariki, akaniondoa kweli, nikaona kimya, nikashukuru. Haukuchukua muda ikaja namba fupi nyingine na mambo ya nyota na bahati. Nikapiga. "Mteja, inaonyesha umejiunga."

Sasa nikwambie kinachoniuma. Hela inauma, sikatai, lakini hilo neno la inaonyesha umejiunga ndilo linaloninyima usingizi. Mtu ambaye hajawahi kuniona ananiambia mimi nilifanya jambo ambalo sijalifanya, nikimuuliza ushahidi anasema upo ila hawezi kunionyesha. Wewe ungekubali? Ungekubali mtu akudai halafu daftari kalifungia kabatini?

Na daftari lipo somo. Nilimkamata yule binamu yako wa mitambo, siku ile alipokuja kuchukua spika, nikamkalisha anieleze. Anasema laini zetu hizi za kulipa kabla, kila kitu kinahesabiwa pale pale. Kabla simu haijaunganishwa mtambo unaangalia salio, unatenga kiasi fulani, unakata kadiri unavyoongea, ukikata simu unafunga hesabu. Na kila makato yanaandikiwa mstari wake, muda, namba, kiasi, huduma gani. Bila hivyo wangejuaje salio limebaki ngapi? Kwa hiyo saa na njia niliyojiungia, kama nilijiunga, imeandikwa mahali. Yule kijana wa kwenye simu ndiye hana ruhusa ya kufika huko, yeye amewekewa kioo kinachosema "amejiunga" na sentensi za kusoma, tena wengi wao muda wa kila simu unapimwa, akikaa na mimi sana anaulizwa na bosi wake. Ndiyo maana wao siwagombezi. Nagombana na aliyewaweka pale mikono mitupu.

Halafu akaniambia hizi huduma za namba fupi mara nyingi siyo za mtandao wenyewe, ni za kampuni nyingine zinazopitia kwa mtandao, na kinachokatwa wanagawana. Nikamwangalia. Kwa hiyo ninayemlalamikia kuwa nakatwa naye ana fungu lake kwenye hayo makato? Akacheka, akasema ndiyo hivyo. Mimi sikucheka.

Na kujiunga bila kujua kunawezekana kabisa, hili sikia vizuri kwa ajili ya mama. Ukiwa unatumia bando la laini, mtandao unaweza kuipatia namba yako ile kurasa uliyofungua, wewe huoni kitu. Kwa hiyo tangazo likiruka mbele ya ulichokuwa unasoma, ukagusa kile kitufe, hata kama ulikuwa unatafuta pa kulifunga, linahesabika umekubali. Ukiwa kwenye wifi kurasa haiwezi kuijua namba yako kwa njia hiyo, ni lazima ikuombe uiandike. Wanaofanya kwa haki wanakutumia kwanza meseji ya kuthibitisha, usipojibu hujajiunga. Mimi meseji ya kuthibitisha sijawahi kuiona, na nimerudi nyuma kwenye simu yote kutafuta.

Tena siyo sisi tu. Alinionyesha habari za Marekani, mwaka 2014 kampuni ya AT&T ilikubali kulipa dola milioni 105 kumaliza kesi ya wateja kutozwa huduma ambazo hawakuziomba, na Desemba mwaka huo huo T-Mobile nayo ikakubali angalau milioni 90. Na unajua huduma zenyewe zilikuwa nini? Milio ya simu, nyota, na dondoo za mapenzi! Hizo hizo! Kwa kawaida dola 9.99 kwa mwezi. Nilisoma nikahisi kama wameniandika mimi.

Lakini nikafikiri jambo moja na nataka unisikilize hapa. Wale wengi wao wanalipa mwisho wa mwezi, wanaletewa bili, mtu anakaa na bili yake anapitia mstari kwa mstari, anaona hiki sijakitumia, anapiga simu anakataa kulipa. Hela bado iko kwake. Sisi wa vocha bili hatuletewi kabisa. Hela tumeshawapa kabla ya kutumia chochote, wakikata wamekata, hakuna karatasi, hakuna cha kukataa kulipa, kilichobaki ni kuomba. Na mwombaji ndiyo huyu anabonyeza 1, anabonyeza 2. Nilipomwambia yule wa tatu au wa nne kwamba nataka taarifa ya makato yangu yote ya mwezi, kila mstari, akaniuliza ya nini. Ya nini! Si hela yangu?

Nikikumbuka napandwa upya, ngoja.

Mwalimu ananiambia tupa laini nunua nyingine, rahisi hivyo. Namba hii iko benki, iko kwenye barua pepe, kila nenosiri nikisahau namba za siri za kuthibitisha zinatumwa kwenye namba hii, watu wote wananijua kwa hiyo. Na laini ukiiacha bila kuitumia muda mrefu wanaifuta na namba anauziwa mtu mwingine, halafu namba zangu za siri zinaingia kwa mtu nisiyemjua. Kuhama mtandao na namba yangu nimefikiria, inawezekana, ila salio haliendi na wewe, linabaki kwao. Na hata nikihama, yale waliyokwisha kukata ndiyo nimewasamehe? Sijawasamehe.

Kwa hiyo nimeamua nitaandika malalamiko rasmi, kwa mtandao kwanza na wasipojibu naenda kwa mamlaka ya mawasiliano. Binamu yako anasema mamlaka kwa kawaida hawakusikilizi mpaka uonyeshe ulishalalamika kwa kampuni na ukapewa namba ya malalamiko, basi ile meseji ya tiketi iliyofungwa sijaifuta, nimeipiga picha, na zile za namba fupi zote nimezihifadhi na tarehe zake. Ninachotaka ni vitu vitatu tu, wanionyeshe siku, saa na njia niliyojiungia, wanirudishie walichokata, na waifunge laini yangu isiweze kuunganishwa na huduma yoyote ya namna hiyo bila mimi kujibu ndiyo. Hicho kifungo kipo, binamu yako kaniambia, basi tu hawakitangazi.

Na hapa ndipo nakuhitaji. Wewe ndiye mwenye mkono wa barua rasmi, ile uliyomwandikia yule mwenye nyumba mpaka leo tunaisimulia. Mimi nikiandika nitaandika kwa hasira kama hivi, watasoma mistari miwili waweke pembeni. Utaniandikia? Nikutumie picha za meseji kwa barua pepe hii hii au unataka kwanza tuongee? Na simu ya mama umeiangalia lini, zile meseji za namba fupi anazosema ni za salamu, umezisoma ni za nini? Maana alilalamika vocha haikai nikadhani anaongea sana na dada yake wa huko, sasa nina wasiwasi. Watoto wanachezea simu yake wakiwa na bando limewashwa au kwenye wifi? Unaweza kumbana binamu yako akuandikie jina kamili la kile kifungo, ili kwenye barua tukitaje kama wanavyokiita wenyewe wasije wakajifanya hawajaelewa? Na wewe laini yako ikoje, umewahi kujumlisha?

Halafu lile la shemeji limeishia wapi? Alirudi? Mlikaa mkaongea au ndiyo mnapishana tu mlangoni? Hilo usinijibu kwa meseji, nipigie, jioni yoyote baada ya saa moja niko nyumbani. Nipigie wewe maana kupokea hawanikati.

Ni mimi somo yako