Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyekosa mtupo wa mwisho

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia kwamba tangu mlipofungwa kwa pointi moja hujaugusa tena mpira wa kikapu. Kabla hujaziuza raba zako, naomba umtazame Dirk Nowitzki, Mjerumani wa Würzburg, fowadi aliyecheza misimu 21 ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kuanzia 1998 hadi 2019, yote akiwa na Dallas Mavericks.

Wengi humkumbuka kwa pointi zake 31,560 na kwa ule mtupo wa kuegemea nyuma kwa mguu mmoja, ambao mlinzi, hata awe mrefu vipi, aliambulia kuutazama ukipita juu ya vidole vyake. Mimi, mjomba wako, namkumbuka kwanza kwenye mstari wa mitupo huru, ile unayopewa baada ya faulo na kuitupa bila kuzuiwa, fainali za 2006, mchezo wa tatu kule Miami. Dallas walikuwa wameshinda michezo miwili ya kwanza, na katika robo ya nne waliongoza kwa pointi 13, zikayeyuka zote. Zikiwa zimebaki sekunde 3.4 alipewa mitupo miwili: wa kwanza ukaingia, wa pili, ambao ungesawazisha, ukagonga chuma. Wakapoteza mchezo huo na mitatu iliyofuata, na ubingwa pamoja nayo. Mwaka 2007 alitajwa Mchezaji Bora wa msimu, lakini tuzo alikabidhiwa timu yake ikiwa imekwisha kutolewa raundi ya kwanza ya mtoano na timu ya Golden State. Sijui kama kuna tuzo chungu kuliko hiyo.

Majira ya joto alikuwa akirudi Ujerumani kwa Holger Geschwindner, mwalimu aliyemwona tangu akiwa kijana, wakajifungia katika ukumbi mdogo wa kijiji cha Rattelsdorf na kurudia yale yale: magoti, kiwiko, vidole, na namna mpira unavyopaswa kupinda angani. Mei 2011, dhidi ya Oklahoma City, alipata mitupo huru 24 katika mchezo mmoja, na yote 24 ikaingia. Fainalini akakutana tena na Miami. Mchezo wa nne aliucheza akiwa na homa, kila akikaa benchi anajifunika taulo, na bado akafunga pointi 21. Siku Dallas walipotwaa ubingwa hakungoja hata kombe. Aliivuka meza ya waamuzi, akaenda kulia chumba cha kubadilishia nguo.

Jumamosi saa kumi nitapita kwenu. Ringi ya uwanja wa shule bado haina wavu, lakini mstari upo.

Mjomba wako